Shibe ya Transista

Husemwa kwamba transista ni swichi, na asikiaye hivyo hudhani kuwasha na kuzima ni tendo lile lile, limegeuzwa tu. Mimi neno hilo lilinitoka tangu nilipoanza kuitazama 2N3904, transista ndogo na rahisi mno, kwenye kioo cha osiloskopu. Huwaka upesi, kuacha ndiko kunakoishinda. Karatasi yake ya vipimo yaeleza kwamba kuchelewa kuwaka hakuzidi nanosekunde 35, na kupanda kwa mkondo 35 nyingine. Lakini ikishaamriwa izime, yaweza kukaa hadi nanosekunde 200 ikipitisha umeme kana kwamba haikusikia.

Sababu yake Kiswahili chaieleza vizuri kuliko vitabu nilivyosomea: imeshiba. Ili kolekta ipitishe miliampea 10, besi yatosheka na sehemu moja ya mia. Nasi, kwa kutaka yakini, huipa sehemu moja ya kumi. Ziada hiyo hukaa ndani ya besi ikawa chaji, na mpaka chaji iondoke, mlango haufungiki.

Si jambo la mchezo. Unguja ilipokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, wengi walijua thamani ya inveta. Katika inveta ya transista mbili zinazopokezana zamu, moja ikiwa haijaachia na mwenziwe ameshashika, mkondo hufurika na zote huungua. Na transista kubwa shibe yake huhesabiwa kwa maikrosekunde.

Programu ya SPICE, iliyotolewa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, huchora kuzimika huko kwa mstari safi. Haisemi uongo, ila muda wa shibe katika mchoro ule hutegemea sana namba moja iitwayo TR, ambayo aghalabu hakuna aliyeipima kwa transista iliyo mkononi mwako. Ukiiongeza, muda hurefuka. Nimeona watu wakiusoma muda huo kwa desimali tatu, ilhali namba iliyouzaa ni ya kukisia.

Mezani mambo ni mengine. Watengenezaji, wanapopima, huifyonza besi kwa miliampea 1 ile ile waliyoiingiza. Sisi hutumia rezista moja na ishara ya volti 5 inayoshuka hadi sifuri. Kwa omu 4,300 huingia miliampea 1. Kinachotoka, kwa msukumo wa volti 0.7 tu, hakifiki hata humusi yake. Twajaza kwa ndoo, twakomba kwa kijiko! Zile 200 za karatasini zikipitwa, transista haina lawama.

Richard Baker wa Maabara ya Lincoln, huko MIT, alieleza mwaka 1956 jinsi dayodi ziwezavyo kuizuia transista isishibe. Mimi napenda njia ya maskini: kapasita ndogo sambamba na rezista ya besi, inayoivuta chaji kwa mkupuo mmoja ishara inapoanguka. Niliweka ya pikofaradi 100, na ule ukingo wa kuzimika ukasogea kushoto kiooni, ukaja kusimama karibu kabisa na amri.