Kuachwa na Kuachiwa

Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba silabi moja yaweza kugeuza maana ya kitenzi. Kuacha ni jambo moja, kuachia ni jingine. Leo nakuomba tuitazame tofauti hiyo katika suala la afya na uraia: umri wa kuanza na umri wa kukoma kujipima nyumbani saratani ya utumbo mpana.

Huko England, mkazi aliyesajiliwa kwa daktari hutumiwa kifurushi kwa posta kila baada ya miaka 2, tangu umri wa miaka 50 hadi 74. Ndani yake mna kichupa chenye kijiti kwenye kifuniko. Mtu huchota kinyesi kidogo kwa kijiti hicho, hukirudisha kichupani, huandika tarehe na kukipeleka maabara kwa posta bila malipo. Kipimo hicho, kiitwacho FIT, hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Damu ikipatikana, si lazima iwe saratani. Mtu huitwa afanyiwe kolonoskopi, yaani utumbo hutazamwa kwa mrija wenye kamera. Vinyama vikionekana, huweza kuondolewa kabla havijageuka saratani.

Kwa nini kuanza katika umri huo? Hatari ya ugonjwa huu huongezeka kadiri miaka inavyosonga. Mpango wa England ulipoanza mwaka 2006 uliwalenga watu wa miaka 60 hadi 69, kisha ukapanuliwa. Nchini Marekani, jopo la wataalamu wa kinga lilishusha umri wa kuanza kutoka miaka 50 hadi 45 mnamo 2021, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukiongezeka miongoni mwa watu wa umri mdogo zaidi.

Kukoma ndiko kunakoumiza. Shangazi yangu aishiye Leeds, ambaye huniandikia kwa Kiswahili akijua ndiyo kazi yangu, alipotimiza miaka 75 alinitumia ujumbe: “Mwanangu, serikali imeniacha.” Maneno hayo yalinichoma. Sisi tuliolelewa kuwatunza wazee hatupendi kusikia mzee akiambiwa kwamba zamu yake imekwisha.

Hata hivyo, ukomo huo una sababu. Kinyama huchukua miaka mingi, mara nyingi kama 10, kuwa saratani. Kwa hiyo faida ya kupimwa leo huvunwa baada ya miaka kadhaa, ilhali madhara ya kolonoskopi, kama vile kutokwa damu au utumbo kutoboka, huja mapema, na hatari yake huongezeka uzeeni. Aidha, England haikufunga mlango: aliyetimiza miaka 75 aweza kupiga simu na kuomba kifurushi kila baada ya miaka 2. Marekani nako, kati ya miaka 76 na 85, mtu huamua pamoja na daktari wake kwa kuzingatia afya yake, vipimo alivyowahi kufanya na matakwa yake.

Nikamjibu: “Shangazi, haijakuacha, imekuachia.” Imemwachia uamuzi. Mimi nilitamani aombe kifurushi. Yeye alizungumza na daktari wake, akaamua kutokiomba: moyo wake ni dhaifu, vipimo vyake vya nyuma havikuonyesha tatizo, wala hakuwa tayari kufanyiwa kolonoskopi. Nilikaa kimya siku mbili, kisha nikamwandikia kwamba nauheshimu uamuzi wake.

Kwetu Uganda, kifurushi hicho hakituletewi na posta. Kwa hiyo wajibu wetu wa kwanza ni kuzijua dalili: damu katika choo, mabadiliko ya haja kubwa yasiyokwisha, maumivu au uvimbe wa tumbo, kupungua uzito bila sababu. Miaka niliyoitaja ni ya watu wasio na dalili. Mwenye dalili, awe na miaka 30 au 80, aende kwa daktari. Na ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliugua ugonjwa huu, amwulize daktari kama anapaswa kuanza kupimwa mapema zaidi.

Zoezi la juma hili: tunga sentensi mbili, moja yenye “ameachwa” na nyingine yenye “ameachiwa.” Kisha keti na mzee wa nyumbani kwenu, umwulize ni maamuzi gani ya afya yake angependa aachiwe mwenyewe.