Uliza Neno Kabla Hujaitikia

Hodi kutoka Olasiti, Arusha, kwa mshona magauni ya harusi.

Siku hizi usiku, cherehani zikishatulia, nasoma Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Ni tanzia ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 kule kusini, watu walipochoka kulimishwa pamba ya Wajerumani kwa nguvu. Kisa kinaumiza, lakini mimi nimenaswa na maneno yake ya kale. Mnyapara, ambaye leo tunamjua wa gerezani, mle ni msimamizi wa vibarua. Hongo leo ni rushwa. Zamani ulikuwa ushuru ambao misafara iliwalipa machifu ili ipite. Na mle kitabuni Hongo ni pepo aliyempanda Kinjeketile.

Kilichonitia baridi ni hiki. Akiwa amepandwa, Kinjeketile anatamka kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Akizinduka, maneno yake mwenyewe yanamtisha: yaani umtoe Mjerumani, uingie chini ya Sultani? Lakini watu wameshayapokea pamoja na maji, na wanakwenda vitani kukabili bunduki.

Mabibi harusi, na sisi tuna maneno ya kale tunayoitikia tu. Juzi nilikuwa nampima mteja, akaniambia mahari yake ni milioni mbili, humo humo kilemba, mkaja na ubeleko. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, zako ni ngapi hapo?" Hakujua.

Nikamweleza kifundi, maana yote matatu ni vitambaa. Kilemba ni cha kichwani, heshima ya baba. Mkaja ni kile mama alichojifunga tumboni baada ya kukuzaa. Ubeleko ni nguo aliyokubebea mgongoni. Siku hizi hutolewa fedha badala yake, nazo ni zawadi za mila kwa wazee. Mahari ni jambo lingine kabisa. Suratun Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni haki yako wewe, si ya baba, si ya mjomba, wala si ya kulipia ukumbi. Ukitaka kumpa mtu, iwe kwa radhi ya nafsi yako.

Na wakili wa ndoa si yule wa mahakamani. Ni mtu ambaye walii wako anamkabidhi kazi ya kukuozesha. Mjue ni nani.

Mteja wangu alipokuja kujaribu gauni aliniambia baba yake hakukasirika hata kidogo. Walikaa na mjomba, wakaandika kila fungu peke yake, na la mahari likaandikwa jina lake.

Basi shoga, kabla hujasema "nimeridhia", muulize shangazi, muulize shekhe. Kuuliza si utovu wa adabu. Neno la ndoa likishatoka kinywani, utaishi nalo.

Allah atujaalie ndoa zenye kheri. Amin.