Hewa Njema ni ya Nani?

Hewa ya nchi husifiwa na kila mtu kwa kadiri ya haja yake. Kisiwa cha Unguja kimejaliwa hewa ambayo mgeni huipenda tangu siku ya kwanza. Bahari huzuia joto lisizidi na baridi isiingie. Kaskazi huvuma toka Desemba hata Machi, kisha kusi hufuata. Masika hunyesha toka Machi hata Mei, na vuli toka Oktoba hata Desemba. Mkarafuu huishukuru mvua hiyo. Mgeni aliyekwenda kupumzika huiona adui. Siku njema kwake ni siku ya jua.

Dodoma, juu ya uwanda ulioinuka mita 1,100 na zaidi, jua hilo halina upungufu. Toka Mei hata Novemba mbingu ni safi, hewa ni kavu, na usiku wa Julai una baridi ya kupendeza. Lau uzuri wa nchi ungalipimwa kwa ngozi ya mpita njia, Ugogo ungalishindana na visiwa. Lakini mkulima hupima hewa kwa ghala. Msimu wake wa mvua ni mmoja tu, toka Desemba hata Aprili, na wastani wa mwaka hukaribia milimita 570. Mara nyingi mvua hiyo hukatika wakati uwele na mtama vimekwisha kuchipua. Mbingu isiyo na wingu, ambayo mgeni wa pwani angeifurahia, humtia hofu.

Hofu hiyo ina historia. Njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hata 1920, iliua maelfu ya watu. Ukame peke yake haukuleta msiba huo: majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosa, ghala lilikuwa tupu tayari.

Mwaka 1973 Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu, na tangu 2016 watumishi wa serikali wamehamia kwa wingi. Hulalamikia vumbi na kusifu zabibu. Maji wanywayo hutoka kwa sehemu kubwa katika visima vya Makutupora, ambavyo hazina yake hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa. Basi hata mgeni amekwisha kuwa mshirika wa mkulima, ajue asijue. Ni haki yake naye kuitazama mbingu ya Januari kwa macho ya mwenyeji, na kukumbuka kwamba ukame hutoka mbinguni, lakini ghala huachwa tupu na watu.