Nilikwenda Wampembe kununua nyumba, nikarudi na migebuka

Mwenzenu mzima, ila vumbi la njiani sijui kama limenitoka lote masikioni. Wiki hii tuyaache kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, nataka niwasimulie nilivyotumwa kununua nyumba ya ufukweni. Ndiyo, mimi huyu huyu ambaye kodi ya chumba huwa nalipa kwa kujificha.

Kila mtu anaipenda nyumba ya kando ya maji. Dar es Salaam watu wanakufa na Oysterbay na Mbezi Beach. Mwanza kuna mshikaji wangu mmoja, kila tukikutana lazima anitajie Capri Point, utadhani amejenga yeye kumbe huwa anapita tu kwenda kazini. Mtu anaamka, anafungua dirisha, anaona maji, anapanda gari kwenda ofisini, jioni anarudi kula upepo. Nani hataki?

Mama yangu naye akataka. Bi mkubwa ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Sumbawanga mjini. Wanaoijua Sumbawanga wanaijua na baridi yake. Mji uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai ule upepo wa Ufipa unapita katikati ya mifupa. Magoti ya mama yakagoma. Akasema anataka kuhamia ziwani, kwenye joto, amalizie uzee wake anakula samaki wabichi. Kiinua mgongo kilikuwa kimebaki shilingi milioni tano na vijisenti. Dalali mmoja akamwambia ipo nyumba Wampembe, vyumba vitatu, bati zima, maji unayagusa ukiwa barazani. Bei milioni nne na nusu.

"Nenda wewe kaangalie," mama akaniambia. "Umefika kidato cha nne na unaandika magazetini. Hawawezi kukudanganya."

Laiti angejua!

Basi Septemba 2024 nikafunga safari. Rafiki zangu wa Dar walipopata habari wakaanza utani wao ule ule, eti nisipokee zawadi ya mtu, eti nitarudi nimepanda ungo. Niliwajibu kwamba wenyewe Wafipa wanasema jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Sasa mji ambao unakuambia uutupe uchawi mlangoni, unauogopea nini?

Cha kuogopa ni barabara, ndugu zangu. Wampembe iko Wilaya ya Nkasi, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kirando na Kipili. Kutoka Kitosi hadi Wampembe ni kilomita zinazokaribia 70, na siku niliyopita mimi nilizihesabu kwa mgongo. Nilikuwa juu ya mzigo wa gari, nimebanwa kati ya magunia ya mahindi na mama mmoja aliyepakata kuku wawili. Unaanza kwenye uwanda, baridi, koti umefunga hadi shingoni. Halafu nchi inakatika. Gari linaanza kuteremka milima, kona hii, kona ile, abiria wote kimya, hata kuku wanajua. Kadiri tulivyoshuka ndivyo tulivyovua nguo. Ziwa liko kama mita 770 tu juu ya bahari, kwa hiyo unakuwa umeteremka zaidi ya mita 1,000. Tulipofika chini koti nilikuwa nimelikalia.

Na ziwa ukiliona kwa mara ya kwanza kutoka kule juu, usiombe. Unajua tulivyokaririshwa shuleni: urefu kilomita 670 na ushei, kina mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Tulikariri kwa ajili ya mtihani. Siku ile nilielewa. Yule mama wa kuku akanigusa bega, akasema, "Mwanangu, funga mdomo, vumbi litaingia."

Tuliingia Wampembe jua linazama. Hapo nikaona kitu kilichonichekesha. Nilizoea kwamba jioni watu wanarudi kutoka kazini. Wampembe jioni ndiyo wanakwenda! Wanaume na vijana, wengine wadogo kuliko mimi, wamebeba nyavu, taa na vyakula kwenye vyombo, wanaelekea kwenye boti zao. Ilikuwa giza la mwezi, na dagaa wanavuliwa gizani kwa mwanga wa taa, zamani karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu ndiyo likizo yao. Ilipofika saa tatu usiku nikachungulia nje, nikaona ziwa lote limejaa taa. Nikajisemea, hii ndiyo Mbezi Beach ya hapa, ila ofisi iko majini, na wafanyakazi wote wako zamu ya usiku.

Asubuhi dalali akanifuata nyumba ya kulala wageni. Mchangamfu, maneno mengi, ananiita bosi. Jamani, niwe mkweli, nyumba ilikuwa nzuri. Tofali za kuchoma, bati halijashika kutu, madirisha mawili yanatazama ziwa. Kuta zimepigwa chokaa mpya kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, juu imebaki rangi ya zamani. Nikauliza mbona nusu? Dalali akajibu haraka, "Ukarabati, bosi. Unaendelea." Mbele yake mchanga, dagaa wameanikwa wanametameta kama sarafu, watoto wanaogelea. Nikamwona mama yangu amekaa pale barazani na kanga yake, miguu ameinyoosha juani. Mate yakanijaa.

Mzee mwenye nyumba alikuwa mtu wa makamo, mvuvi, mpole. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia hali ngumu. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika tangu Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka ule ili samaki wazaane. Hakulaumu, alisema hata yeye alikuwa akiona samaki wanapungua. Lakini miezi mitatu bila boti kuingia majini ilimwachia madeni ya nyavu na ya dukani. Akashusha hadi milioni nne. Dalali akadakia, "Toa tatu na nusu taslimu leo, tuandikishiane hapa hapa, mashahidi wawili, yaishe."

Milioni moja inabaki, bwana! Mkono wangu ulishaanza kuelekea kwenye mfuko wa ndani ambao mama aliushonea mwenyewe.

Kilichoniokoa ni mwembe. Niliuona umesimama ndani ya maji, matawi yamekauka, watoto wanafungia mitumbwi. Nikauliza mwembe gani huu unaoota ziwani? Akacheka bibi mmoja wa jirani aliyekuwa anageuza dagaa. "Mjukuu wangu, haujaota ziwani. Ulikuwa nyuma ya jiko langu. Ziwa ndilo lililokuja."

Nikasita. Nikakumbuka redio zilivyotangaza mwaka 2021, na tena 2024, kwamba Tanganyika imepanda, nyumba zimezama kuanzia Bujumbura na Uvira hadi kwetu Kigoma. Ziwa hili maji yanaingia kutoka mito mingi lakini mto wa kuyatoa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua ikizidi, maji hayana haraka ya kuondoka. Wazee wanakumbuka yalivyojaa miaka ya 1960. Na huwa yanarudi pia: kule Ujiji, pale wanapopaonyesha watalii kwamba Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, leo ukitaka kunawa miguu ziwani inabidi utembee kwanza. Ziwa linakuja na kuondoka kwa ratiba yake, halimwulizi aliyejenga.

Nikapima kwa hatua toka ukingoni hadi barazani. Hatua 34, na miguu yangu mnaijua ilivyo mifupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo hata maji yasipokuja, siku moja anaweza kuja afisa.

Nikiwa bado nahesabu, mke wa mzee akatoka uani na ndoo. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu. Umetoka wapi?" Nikamwambia nimetoka Sumbawanga, nimekuja kuona hii nyumba mnayouza.

Yule mama akaitua ndoo taratibu. Akamtazama mumewe. "Inauzwa?"

Kimya! Hata dalali mwenye maneno elfu alipata kazi ya kufunga kamba za viatu.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nasikia kwako. Hapa nimezalia watoto sita. Mwezi wa nne maji yalifika hapa." Akaweka kiganja ukutani, pale pale chokaa mpya ilipoishia. "Tulihamisha vitanda usiku. Maji yakatoka, tukarudi. Sasa tukiuza, mimi na hawa wadogo tunakwenda kulala kwa nani?"

Mzee akainamisha kichwa. Sikuweza kumchukia. Mtu anayedaiwa akimwona kijana wa mjini ana hela mfukoni anaona mlango wa kutokea. Lakini mimi pia nina mama, na hela zile zilikuwa zake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi kwamba nyumba ya familia haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Ningetoa milioni tatu na nusu, ningepata karatasi yenye sahihi mbili na kesi yenye watoto sita.

Mchana nikaenda ofisi ya kijiji, mahali ambapo dalali alisema hakuna haja ya kupita. Nilikuta watu waungwana tu. Wakanieleza kwamba ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haiuzwi kwa kunong'onezana. Mgeni anaandika barua, halmashauri ya kijiji inakaa, inataka kujua kama kweli una nia ya kuja kuishi au kufanya kazi pale. Ukiomba kiwanja kipya, mkutano mkuu wa kijiji nao lazima uridhie. Mambo yakikamilika unapata hati ya hakimiliki ya kimila. Hiyo ndiyo inayokulinda. Ya mashahidi wawili chini ya mwembe, tena mwembe wenyewe umezama, ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mzee mmoja pale ofisini akanionyesha mlimani. "Kama mama yako anataka joto, joto liko hata kule juu kidogo. Ziwa atalitazama tu, si lazima alale nalo." Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Basi msomaji wangu, ukiona tangazo la nyumba ya ziwani, iwe Wampembe, Kigoma au Musoma, kabla hujamuuliza mwenye nyumba bei, muulize mkewe kama anajua. Kapige hodi ofisi ya kijiji au ya mtaa. Halafu mtafute bibi wa jirani, umuulize maji yalifika wapi mwaka 2024, na chokaa mpya uitilie shaka.

Kabla ya kuondoka nilinunua migebuka wakavu ishirini kwa yule mama mwenye nyumba. Alinichagulia wakubwa, akanifungia vizuri kwenye gazeti (si letu, msinung'unike). Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema, "Nimekasirika, lakini si kwako. Mwambie mama yako aje mwenyewe kutembea, mgeni hakosi pa kulala."

Nikapanda tena ile milima, koti likarudi mwilini, vumbi likarudi masikioni. Sumbawanga nilifika usiku wa pili. Mama alikuwa amekaa jikoni karibu na mkaa, magoti ameyafunika blanketi. Nikamsimulia yote, mwembe, chokaa, yule mama na ndoo yake. Hakusema neno. Akafumua ule mfuko kwa wembe, akahesabu noti moja moja hadi mwisho. Kisha akafungua gazeti, akahesabu na samaki.

"Hela zimetimia," akasema. "Samaki wamepungua wawili."

Njaa ya safari, jamani. Barua ya kuomba kiwanja cha mlimani tumeiandika pamoja usiku ule ule, na amesema kwenye mkutano wa kijiji atasimama mwenyewe, mimi nibaki nalinda mji. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.