Baa ya Jirani, Poble-sec

Nilihamia Poble-sec, mtaa ulio chini ya kilima cha Montjuïc jijini Barcelona, mwaka 2009. Chini ya ghorofa letu kulikuwa na baa yenye meza chache za marumaru. Mapipa ya mvinyo yalipangwa ukutani, na majirani walikuja na chupa zao kujaziwa. Vyakula viliandikwa kwa chaki, kwa Kikatalani peke yake, na moshi wa sigara ulikuwa mzito kiasi cha kuwasha macho.

Mpishi alikuwa mke wa mwenye baa. Siku alipogundua kwamba naishi peke yangu, aliniita jikoni anifundishe pa amb tomàquet. Mkate unabanikwa, unasuguliwa kitunguu saumu, kisha nyanya iliyokatwa nusu. “Sugua kwa nguvu, maca,” aliniambia, “mkononi libaki ganda tu.” Halafu mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Nyanya zenyewe ni ndogo, za aina inayofungwa kwa uzi na kuning’inizwa, nazo hudumu hadi katikati ya baridi. Sijawahi kula kitu chepesi kilichonishibisha vile. Karibu yake aliweka dagaa wa chumvi wa L’Escala na escalivada, yaani biringanya na pilipili hoho nyekundu zilizochomwa kwenye makaa, zikamenywa na kuchanwa kwa vidole.

Tarehe 2 Januari 2011 sheria ilipiga marufuku sigara ndani ya baa zote za Hispania. Wenye baa walilalamika kwamba biashara itakufa. Kwetu wazee walihamia mlangoni na sigara zao, na kina mama wakaanza kuingia na watoto. Mimi ndipo nilipoanza kusikia harufu ya yale makaa kutoka jikoni.

Badiliko lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Barabara ya Blai, hatua chache kutoka kwetu, ilijaa baa za pintxos, vitafunwa vya Kibaski vilivyochomekwa vijiti; ukimaliza, vijiti vinahesabiwa ndipo ulipe. Vijana walivipenda, watalii pia, na kodi za nyumba zikapanda. Majirani niliokuwa nikikaa nao kaunta walihama mmoja mmoja. Mwaka 2024 jiji lilitangaza kwamba leseni 10,101 za nyumba za kupangisha watalii hazitahuishwa zitakapokwisha Novemba 2028. Kwa wengi wa jirani zangu, uamuzi huo umechelewa.

Wenye baa walipostaafu, familia kutoka China iliinunua baa, kama ilivyotokea kwa baa nyingi za mitaani hapa. Wapo walionung’unika kabla hata ya kuonja. Lakini binti yao amekulia mtaa huuhuu, amesoma kwa Kikatalani, na bibi yule aliyenifundisha pa amb tomàquet alikuja asubuhi nyingi kusimama naye jikoni. Allioli yake anaitwanga kwenye kinu cha mawe, kitunguu saumu na mafuta tu, tone kwa tone, bila yai. Naipenda kuliko ya zamani, na nimemwambia hivyo bibi mwenyewe.

Mapipa hayapo tena, isipokuwa moja la vermut, mvinyo uliotiwa viungo. Jumapili saa saba mchana kupata kiti ni bahati. Hofu yangu ni mkataba wa pango: ukiisha, mwenye jengo ndiye atakayetaja bei.