Gari iliyouzwa pamoja na mafrigo

Mwaka wa 1939, mtu aliyeingia katika duka kubwa la New York kutafuta vyombo vya nyumbani aliweza kukuta gari nzima imewekwa humo ndani, na bei yake imeandikwa. Gari hiyo ilikuwa Crosley.

Mwenye kuitengeneza, Powel Crosley wa mji wa Cincinnati, alijulikana kwanza kwa radio. Mwaka wa 1921 mtoto wake aliomba radio. Baba alipoona kwamba ile ya dukani inapita dola 100, alitengeneza yake kwa pesa kidogo, kisha akaanza kuuzia watu wote radio za bei chini. Baadaye alitengeneza na mafrigo. Kituo chake cha WLW, tangu 1934 mpaka 1939, kilirusha matangazo kwa nguvu ya kilowati 500.

Alipofikia gari, alifuata njia ileile. Hakuwa na wauzaji wa magari kila mji kama Ford ao General Motors, lakini alikuwa na maduka yaliyouza radio na mafrigo yake kila siku. Gari yake ilikuwa na upana wa sentimeta 122 hivi, kusudi ipite katika mlango wa duka. Bei ilianzia dola 325, wakati Ford ya chini ilipita dola 500. Mama na bwana wake waliokuja kuchagua frigo waliona gari bila kuitafuta, tena kwa muuzaji waliyemzoea.

Ila gari si radio. Radio ikinyamaza, inakaa mezani ikingoja fundi. Gari ikizimika, mwenyewe anabaki barabarani. Na muuzaji wa mafrigo, kwa kawaida, hakuwa na garaji wala fundi wa mota.

Shida ilionekana wazi kisha vita. Tangu 1946 Crosley alitumia mota nyepesi ya vipande vya chuma chembamba vilivyounganishwa kwa shaba. Jeshi lilikuwa limeitumia katika mashine za kutoa umeme, na ilifanya kazi vizuri. Lakini katika magari ya raia, maji ya kupoza mota yalikutanisha shaba na chuma, kutu ikala, matundu yakatokea. Mwaka wa 1949 kampuni ilirudia mota ya chuma cha kuyeyushwa.

Hata hivyo, Crosley hakuacha kutafuta wanunuzi wa kila aina. Kwa familia kulikuwa gari ya kubeba watu na mizigo. Kwa vijana, Hot Shot ya mwaka wa 1949, gari ya mashindano isiyokuwa na milango. Kwa mkulima, Farm-O-Road ya 1950, iliyoweza kuvuta jembe. Mwaka wa 1948 alikuwa ameuza magari zaidi ya 24.000. Mwaka wa 1951 hayakufika 7.000. Kampuni kubwa zilikuwa zimerudi sokoni na magari mapya, na jina la mota ile lilikuwa limekwisha kuharibika. Mwezi wa saba 1952, kiwanda kiliacha kutengeneza magari.

Mteja wa kwanza aliletwa na bei. Wa pili alimuuliza kwanza jirani kama mota yake ingali inazunguka.