Ndege wa Kifua Chekundu: Matembezi ya Thamesmead

Mwezi huu tunakutembezeni Thamesmead, mji uliojengwa juu ya tope. Hapo zamani palikuwa vinamasi vya Plumstead na Erith, na sehemu yake ilikuwa mali ya karakana kuu ya silaha ya Woolwich. Serikali ya jiji ya wakati ule ilipokusudia kuhamishia watu huko, iliyakumbuka mafuriko ya mwaka 1953. Ndiyo maana nyumba za mwanzo ziliinuliwa, chini yakaachiwa magari, na wakaazi wakawa wanapita juu kwa juu katika njia za saruji. Watu wa kwanza waliingia mwaka 1968. Nyingi katika nyumba zile zimekwisha kubomolewa, bali maziwa na mifereji iliyochimbwa ili kuyapa maji mahali pake ingalipo, na palipo maji ndege hawakosi.

Njia imekuwa nyepesi tangu Mei 2022, treni za Elizabeth line zilipoanza kufika Abbey Wood. Kutoka hapo hadi ziwa Southmere si mwendo wa kumchosha mtu mzima. Bata maji weupe wanaelea kwa maringo, na uwanja ulio kando yao umeitwa Cygnet Square, yaani uwanja wa kinda la bata maji. Maktaba yake inaitwa The Nest, kiota. Karibu na hapo ipo njia iitwayo Redpoll Way, kwa jina la ndege mdogo mwenye wekundu kipajini. Mbele zaidi kuna Tump 53, kisiwa kilichozungukwa na handaki la maji, ambamo zamani zilihifadhiwa baruti na leo ni hifadhi ya viumbe. Palipohofiwa cheche, sasa panataga ndege.

Lakini tulilokusudia kulieleza ni jambo la ndani ya nyumba.

Familia moja ya kwetu inayokaa huko ilifiwa na mzee wao. Jirani, bibi wa Kiingereza aliye mjane, aliwaletea zawadi ya picha ndani ya fremu: ndege mdogo mwenye kifua chekundu, wanayemwita robin, amechorwa kwa rangi za kung'aa, manyoya yake yakiwa na buluu na dhahabu ambayo Mola hakumpa. Akawaambia kwa huruma kwamba robin ajaye kwenye roshani yao kila asubuhi ni roho ya mzee, amekuja kuwatazama. Imani hiyo imeenea sana miongoni mwa Waingereza. Utaikuta kwenye kadi za rambirambi na hata kwenye mawe ya makaburi. Siku hizi imechanganyika na nyingine, kwamba kila mtu anaye mnyama wake wa kumwongoza rohoni, wazo lililochotwa katika mila za wenyeji wa Amerika ya Kaskazini na kuuzwa madukani pamoja na mishumaa.

Watoto wakaamini. Kila asubuhi wakawa wanafungua dirisha na kumwamkia ndege: "Shikamoo Babu!" Mama yao akafadhaika, akatuuliza: "Nimwambieje bibi wa watu? Na hawa watoto nao?"

Hatukuona vema kucheka, kwani sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Lugha yetu hulitumia neno ndege kwa maana ya fali: msafiri hupata ndege njema au ndege mbaya. Bundi akilia juu ya paa, wangapi kwetu wamekosa usingizi? Waarabu wa Jahiliya nao walitazama ndege ameruka kulia au kushoto kabla ya kushika safari, na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, akaukataza utabiri huo. Hata hivyo ni yeye aliyetufahamisha kwamba roho za mashahidi zimo ndani ya ndege wa kijani huko Peponi. Hiyo ni habari ya ghaibu, tunaipokea kama ilivyokuja. Haituruhusu kumpa robin wa roshani ya Thamesmead jina la marehemu wetu. Na ni yeye aliyemwuliza mtoto Abu Umayr habari za kidege chake kilichokufa, kwa upole wa mzazi. Kumpenda ndege, basi, hakuna ubaya.

Isitoshe robin ana sababu zake. Humfuata binadamu anayechimba bustani kwa kuwa udongo ukipinduliwa minyoo huonekana. Huimba hata wakati wa baridi, na usiku penye taa za barabarani, na wimbo wake mtamu kwa sehemu kubwa ni hati ya kiwanja: anawaonya robin wengine wasisogee. Kwa kumwamkia shikamoo, watoto walikuwa wanamwamkia mwenye nyumba mkali.

Mama yule aliwaambia watoto wake kwamba ndege ni umma kama sisi, na kwamba Babu anahitaji dua zao, si makombo ya mkate. Picha aliiweka ukumbini, mbali na mahali pa kusalia. Juu ya picha za viumbe wenye roho wanazuoni wamehitilafiana, na kila nyumba imwulize sheikh wake. Kwa bibi alipeleka sahani ya vitumbua na shukrani, bila mjadala wa itikadi. Sahani haikurudi tupu.

Ukutani mwao ipo picha nyingine ya ndege, ya mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka ule ule 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, naye akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Watoto wanaipenda kuliko ile ya fremu.

Mwezi wa Mei tuliwachukua hadi matete ya Crossness, ukingoni mwa mto Thames, kuwasikiliza shoro wa matete, ndege wa rangi ya udongo wanaokaa Afrika wakati huku kuna baridi. Tuliwasimulia habari ya binamu yao, shoro wa kinamasi, ambaye siku hizi ni nadra kutaga Uingereza. Yeye hupita Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako tangu mwaka 1969 wataalamu huwavisha pete ndege wasafiri. Utafiti uliofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba shoro mmoja huiga sauti za aina za ndege zipatazo 76 kwa wastani, na zaidi ya nusu ni za Afrika. Dume aliyetua Ulaya huimba nyimbo za huko alikopitia.

Atakaye kwenda avae viatu vya matope, na atoke mara baada ya sala ya alfajiri. Jua likipanda, ndege hunyamaza.